KIPEPEO MWEUPE SI MWIZI WA SUKUMA

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeyaandika karibu vile vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



   Tunajua kuna waliovuka feri asubuhi sana, na kuna waliotoka Miritini na Mwakirunge kwa matatu mbili. Kwa hivyo hatutawachosha kwa maneno ya kuzunguka. Leo tutazungumza juu ya kipepeo mweupe.

Tunaona wengine mnacheka. Mnasema moyoni, sisi tuna shida ya karo, ya maji, ya mikopo, nyinyi mnatuletea habari za vipepeo? Ni haki yenu kucheka. Lakini tusikilizeni kwanza, kwa sababu kipepeo huyu aligharimu kikundi kimoja akiba yake ya miezi mitatu, akakosanisha majirani, na kosa lilikuwa letu sisi wa maendeleo ya jamii. Tumekuja kulisema mbele yenu ili lisirudiwe.

KISA CHENYEWE

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitembelea kikundi cha akina mama upande wa Kisauni. Walikuwa na kiwanja walichopewa walime, wakapanda sukuma wiki, mchicha, bamia na maboga. Mvua ya mwaka ilikuwa imenyesha vizuri. Tulipofika tulikuta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, majani ya sukuma yalikuwa na matundu matundu, mengine yamebaki kama chujio. La pili, vipepeo weupe walikuwa wengi ajabu, wanapita juu ya mboga tangu asubuhi hadi jua kali, wengine wanatua kidogo, wanaondoka.

Akina mama wakatuuliza, "Hawa ndio wanaotula?" Nasi bila kuinama hata kuangalia jani moja tukajibu, "Ndio hawa hawa. Pigeni dawa haraka."

Basi wakatoa akiba. Wakanunua dawa kwenye agroveti, wakakodi bomba la mgongoni, wakapiga saa nne asubuhi, wakati vipepeo wako wengi, ili wawapate vizuri. Walipiga mara tatu kwa majuma mawili. Nini kilitokea? Vipepeo walipungua, kweli. Lakini matundu hayakupungua. Halafu jirani mmoja, mzee anayefuga nyuki katika mizinga miwili ya magogo, akaja asubuhi akiwa na nyuki wafu katika kofia yake. Hakugombana. Aliwamwaga mezani akasema, "Angalieni, mamangu." Akaenda zake. Toka siku hiyo hapakuwa na salamu kati ya shamba lile na nyumba ile. Maboga nayo yakatoa maua mengi, matunda yakawa machache, maana anayebeba unga wa ua kutoka dume kwenda jike ni mdudu, hasa nyuki.

Na mboga iliyopigwa dawa hairuhusiwi kuuzwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Kwa hivyo sukuma iliyosalia ilizeekea shambani. Kikundi kilikaribia kuvunjika. Mweka hazina alilaumiwa, mwenyekiti akalaumiwa. Hakuna aliyetulaumu sisi, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

SWALI LA NYANYA

Katika mkutano wa kutafuta suluhu, nyanya mmoja, mwanakikundi mkongwe kuliko wote, alinyoosha mkono. Akatuuliza, "Wanangu, mlimwona akitaga?"

Tukanyamaza. Hatukumwona akitaga. Hatukuona yai, wala kiwavi akitoka yaini, wala hatukufuatilia kiwavi awe nini. Tuliona kitu cheupe juu na tundu chini, tukaviunganisha wenyewe. Mtu akipita karibu na nyumba iliyoibiwa, je, yeye ndiye mwizi?

Tulipojiuliza tulilitoa wapi jibu lile, tulikumbuka: vitabuni. Vitabu vingi vya kilimo tulivyosomea vilikuwa na picha ya kipepeo mweupe wa kabichi. Picha ile ni ya kweli, lakini ni ya Ulaya. Huko wako vipepeo weupe wawili, Pieris brassicae na Pieris rapae, ambao viwavi wao hula kabichi kweli kweli. Yule wa kwanza amefika hata Afrika Kusini. Alionekana Cape Town mwaka 1994. Lakini yeye siye anayeruka hapa kwetu Bamburi au Mtongwe. Weupe wetu ni wengine, na chakula cha viwavi wao ni kingine. Tulichukua kesi ya Ulaya tukamhukumu nayo kipepeo wa Pwani.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimletea mwanadamu viumbe awape majina. Anayetaka kumpa kiumbe jina lake lazima amtazame kwanza. Sisi tuliruka hatua ile.

BASI MWIZI NI NANI?

Tulifanya jaribio, nanyi mnaweza kulifanya nyumbani kwa gharama ya sifuri. Tulichukua viwavi kumi kutoka kwenye sukuma, tukawatia katika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana pamoja na majani, tukafunga mdomo kwa kitambaa chepesi cha neti. Kila siku tuliwapa majani mabichi yasiyo na dawa na kuondoa yaliyooza. Kabla ya majuma mawili kwisha, wakatoka wadudu wazima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mweupe! Walikuwa nondo wadogo wa kijivu, wasiofika urefu wa ukucha wa kidole gumba, wamekunja mbawa mgongoni, na juu ya mgongo pana alama za rangi hafifu kama almasi zilizopangwa.

Huyo ndiye mharibifu mkubwa wa jamii ya kabichi na sukuma duniani. Wataalamu humwita Plutella xylostella. Humwoni kwa sababu huruka jioni, nawe umekwisha kwenda nyumbani. Kiwavi wake ni kijani, urefu wa kama sentimita moja, mwembamba mbele na nyuma. Ukimgusa anajipindapinda kwa nguvu na kuteremka kwa uzi kama buibui. Hicho ndicho kitambulisho chake.

Na sikilizeni hili la dawa. Nondo huyu ni stadi wa kuzoea dawa. Huko Java, Indonesia, tayari mwaka 1953 ilitolewa habari kwamba DDT haimwui tena. Tangu hapo amezoea nyingi nyinginezo. Kwa hivyo ukipiga piga ovyo, unaua nyuki, unaua buibui na nyigu wanaomla, na yeye anabaki peke yake shambani kama mwenye nyumba.

Kuna pia wanaotuonyesha vijidudu vyeupe vidogo kama unga chini ya majani ya muhogo na kutuambia ni watoto wa kipepeo. Hapana. Wale ni nzi weupe, ukoo mwingine kabisa, na ndio wanaobeba ugonjwa wa batobato wa muhogo. Kipepeo hazai kipepeo mdogo. Anataga yai, yai linatoa kiwavi, kiwavi anakuwa pupa asiyekula wala kutembea, na pupa ndiye anayepasuka akatoka kipepeo mkubwa tayari. Akishatoka haongezeki kimo tena.

TUWATAMBUE WEUPE WETU

Sasa tufike kwa weupe wenyewe. Weupe wengi mnaowaona bara hii ya Mombasa ni wa ukoo mmoja, lakini si aina moja. Wana majina ya kitaalamu, nasi tutayataja, lakini kwenye vikundi tumewapa majina yetu ili tuyakumbuke. Nanyi mnaweza kuwapa yenu.

Wa kwanza tumemwita MISHIPA. Kitaalamu ni Belenois aurota. Akifungua mbawa, upana wake ni sentimita 4 hadi 5, yaani karibu urefu wa kibiriti. Juu ni mweupe, na kwenye ncha za mbawa ana rangi nyeusi yenye madoa meupe ndani yake. Lakini usimhukumu kwa upande wa juu. Ngoja akunje mbawa, uangalie upande wa chini wa bawa la nyuma. Utaona mistari ya kahawia iliyokoza imefuata kila mshipa, kama ramani ya mito. Jike mara nyingi ana rangi ya manjano kidogo huko chini. Kiwavi wake hula vichaka vya porini vya kundi lililo karibu na jamii ya mgagani.

Wa pili ni NDUGU YAKE MISHIPA, Belenois creona. Ukubwa ni ule ule, ukingo mweusi ni kama ule, na huwachanganya watu wengi. Tofauti ni kwamba chini ya bawa la nyuma hana ile mistari mizito ya kahawia. Ndiyo maana tunasema, ngoja akunje mbawa!

Wa tatu ni MSAFIRI, Catopsilia florella. Huyu ni mkubwa zaidi, sentimita 5 na nusu hadi 6 na nusu. Dume ni mweupe wenye ukijani hafifu, kama maziwa yaliyotiwa tone la maji ya majani. Jike huwa mweupe au wa manjano, kwa hivyo msishangae mkiona mweupe na wa manjano wakifukuzana. Ni mume na mke. Hana ukingo mpana mweusi. Ana nukta ndogo nyeusi katikati ya bawa la mbele. Anaruka haraka, juu, na kwa nguvu, anavuka paa na ukuta bila kusita. Viwavi wake hula mwingajini na nduguze wa jamii hiyo. Ni kijani chenye mstari wa manjano ubavuni, na wakijilaza kwenye mshipa wa jani huwaoni.

Wa nne ni NUKTA, Mylothris agathina. Kando ya mbawa zake kuna nukta nyeusi zilizotengana, kama shanga zilizoshonwa kwenye pindo la leso. Chini ya bawa la mbele, karibu na kiwiliwili, pana rangi ya machungwa. Anaruka polepole, kama hana haraka ya kwenda popote. Viwavi wake hukaa kundi kundi kwenye ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Kama mwembe wako umevamiwa na mmea ule, basi Nukta anakusaidia kazi bila malipo.

Wa tano ni KIVIVU, Leptosia alcesta. Huyu ni mdogo na mbawa zake ni laini kama karatasi ya kuvutia sigara. Ana weusi kwenye ncha na doa jeusi kwenye bawa la mbele. Humpati kwenye jua kali la shamba. Anakaa kivulini chini ya miti, anarukaruka karibu na ardhi kama anataka kuanguka.

Wako pia wenye mwili mweupe na ncha za mbawa za machungwa au nyekundu. Hao ni kundi la Colotis, tumewaita NCHA MOTO. Wanapenda vichaka vya mahali pakavu.

Katika orodha hii yote, kuna anayekula sukuma yako? Hakuna. Kumbe anafanya nini shambani? Anakunywa asali ya maua kwa mrija wake mrefu, au anatafuta mmea wa kutagia, au anapita tu. Dume hupenda pia kutua kwenye matope na kunyonya chumvichumvi. Kule Likoni mama mmoja alituuliza kama vipepeo waliojaa kwenye tope la bomba la maji wanaleta ugonjwa. Tulimjibu, ugonjwa unaletwa na lile bomba kuvuja na watu kuchota pamoja na uchafu. Tengenezeni bomba, muwaache vipepeo.

NAMNA YA KUTAZAMA

Kumtazama kipepeo si kazi ya wasomi peke yao. Mvuvi anayejua samaki kwa namna anavyovuta mshipi anaweza hii kazi. Tumeipanga hivi:

1. Chagueni mahali pamoja, si kila siku pengine. Kona ya shamba, ukingo wa mikoko, au kando ya barabara yenye maua.

2. Nendeni jua likishapanda kidogo, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kukiwa na mvua au upepo mkali wa kusi vipepeo hujificha. Asubuhi mapema huwa wametanua mbawa wanaota jua, hawajapata nguvu. Huo ndio wakati mzuri wa kuwakaribia.

3. Sogeeni polepole, kivuli chenu kisimwangukie. Akiona giza la ghafla anadhani ndege amekuja.

4. Angalieni mambo manne kwa mpangilio: ukubwa; juu ya mbawa; chini ya mbawa; namna ya kuruka. Msiridhike na moja. Mweupe anayeruka kwa kasi juu ya paa na mweupe anayeyumba kivulini si mtu mmoja.

5. Angalieni anatua wapi. Akitua kwenye ua na kutoa mrija, anakula. Akitua kwenye jani, akapinda tumbo na kuligusisha jani, huyo ni jike na anataga. Mkimbilie mmea huo, mgeuze jani, mtafute yai. Yai la Msafiri ni refu, jembamba, limesimama, na huliacha moja moja kwenye jani changa. Hapo ndipo mnapojibu lile swali la nyanya.

6. Andikeni. Daftari la shule linatosha. Tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, aina, wangapi, walikuwa wakifanya nini. Asiyejua kuandika achore, au amtume mjukuu. Tunawajua akina mama ambao hawajaenda shule na wanawatambua weupe wote hawa kuliko sisi wenye diploma.

7. Msiwakamate ovyo. Unga ulio kwenye mbawa ni magamba yake madogo, na ukishatoka haurudi. Tazameni kwa macho. Watoto nao wafundishwe hivyo.

SIKU YA VIPEPEO WENGI

Sasa, kwa nini siku ile ya Kisauni walikuwa wengi vile? Hapa ndipo tulipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Mishipa na Msafiri ni wahamaji. Mvua ikinyesha vizuri vichaka huchipua, viwavi hupata chakula, wengi wanakuwa vipepeo kwa mara moja. Kisha majani yakiisha, wanaondoka kwa maelfu, wote upande mmoja, siku nyingi mfululizo. Wanapita juu ya nyumba, juu ya barabara, hata juu ya maji. Kwa hivyo wale waliokuwa juu ya sukuma ya akina mama walikuwa wapita njia, kama abiria wa feri wanaopita Likoni. Wengi, lakini hawakai.

Jambo hili si jipya. Mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, C. B. Williams, alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1930 akatoa kitabu kizima juu ya safari za vipepeo duniani. Kazi kama hiyo hutegemea sana watu waliokuwa mahali fulani siku fulani, wakaona, wakahesabu, wakaandika.

Nanyi mnaweza. Mkiona wanapita upande mmoja, simikeni miti miwili, hatua ishirini kati yake. Mtu mmoja asimame nyuma na kuhesabu wanaopita katikati ya miti kwa dakika tano. Mwingine aandike wanatoka upande gani na kwenda upande gani, na upepo unatoka wapi. Rudieni saa tatu, saa sita na saa tisa. Mkifanya hivyo Likoni, Changamwe na Kisauni siku moja, mtakuwa na ramani ya safari yao juu ya mji wetu. Makumbusho ya Taifa huko Nairobi yana idara ya wadudu. Maandishi safi yenye tarehe ni kitu cha thamani kwao.

Na faida kwa shamba? Kikundi chenye daftari la mwaka mmoja hakitashtuka tena. Kitasema, "Hawa ni Mishipa, mwaka jana walipita mwezi kama huu, juma lijalo hawapo." Akiba itabaki kwenye sanduku.

SUKUMA TUZILINDEJE?

Tusiwaache na maneno matamu na mboga yenye matundu. Kwa yule nondo wa kijivu fanyeni hivi:

Pitieni majani upande wa chini mara mbili kwa juma, mkiponda viwavi na mayai kwa vidole. Ng'oeni mashina yaliyokwisha kuvunwa, msiyaache yamesimama, maana ndiyo hoteli yao. Msipande sukuma juu ya sukuma mwaka mzima; badilisheni na kunde au bamia. Kitaluni funikeni miche kwa neti ya matundu madogo.

Mwarobaini tunao kila uani. Okoteni mbegu zilizokauka, mzimenye, msage kokwa. Gramu 50 za unga wake kwa lita moja ya maji, mwache usiku kucha, mchuje kwa kitambaa, mtie sabuni kidogo ya kushika majani. Nyunyizeni jioni, nyuki wakiwa wamelala, na hasa chini ya majani. Kiwavi hafi papo hapo, anaacha kula. Msivunjike moyo kesho yake.

Na wako askari tusiowaona. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kiliwaachia nyigu wadogo kutoka Taiwan katika milima ya Taita mwaka 2002. Nyigu wale hutaga ndani ya kiwavi wa nondo huyu na kumwua. Wale wa Taita wanapenda baridi ya milimani, lakini hata hapa kwetu kuna nyigu na buibui wa kazi hiyo. Kila mara unapopiga dawa kali asubuhi, unawafukuza askari wako mwenyewe.

Ikilazimu kutumia dawa ya duka, ulizeni kwanza afisa wa kilimo, someni siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mwambieni jirani mwenye nyuki siku moja mbele.

JE, KUNA PESA KATIKA VIPEPEO?

Tulijua mtauliza. Ndiyo, wako wanaopata, na si mbali. Huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianzishwa mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo, na mradi huuza pupa wao ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho. Waliokuwa wakiuona msitu ni kizuizi cha mashamba walipata sababu ya kutaka ubaki.

Lakini tuseme ukweli. Wanaopata soko zaidi ni vipepeo wakubwa wenye rangi nyingi; si hawa weupe wetu. Pia ni kazi ya vibali, mafunzo na haraka, kwa sababu pupa ni kiumbe hai na hangoji. Mtu akija kwenye kikundi chenu akisema atoe shilingi kadhaa mwanzoni awauzie vipepeo weupe Ulaya, mwonyesheni mlango. Anayetaka kujifunza aende Gede akaone kwa macho yake.

Faida ya weupe wetu ni nyingine: wanatuonyesha kama mahali pana uhai. Nendeni Bamburi mkaangalie ile machimbo ya saruji ambayo René Haller alianza kuipanda miti mwaka 1971. Palikuwa mwamba mtupu. Ilianza mivinje, wakaja jongoo wakala majani makavu na kufanya udongo, na baada ya hapo mimea na wanyama wengine. Nasi tukiacha ukingo wa hatua mbili wa vichaka na maua kando ya kila shamba, mwingajini ukiwemo, tutakuwa na nyuki, nyigu na vipepeo. Baba Mtakatifu Fransisko, marehemu, aliandika mwaka 2015 katika waraka wa Laudato Si' kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini haviwezi kutenganishwa. Sisi tulikiona jambo hilo katika kofia ya yule mzee.

MWISHO WA KISA

Mtauliza yule mzee ikawaje. Tulikwenda kwake pamoja na akina mama, sisi mbele. Tulimwambia, "Baba, kosa ni letu, hawa walitutii tu." Alituacha tumesimama kitambo. Kisha akaagiza viti. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba wasipige dawa kabla ya kumwambia. Kikundi kilikubali na kikaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mzinga mmoja ulipata kundi jipya baadaye. Mwingine mpaka leo ni mtupu. Akina mama wanaendelea na sukuma, na daftari la vipepeo linashikwa na mjukuu wa yule nyanya.

Mkirudi kwenu, jadilianeni haya katika mkutano ujao:

1. Katika shamba letu ni mdudu gani tumemhukumu bila kumwona akila au akitaga?
2. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa dawa, na tulipata nini?
3. Nani jirani yetu ana nyuki, kuku au kisima karibu na tunapopiga dawa? Tumewahi kumwambia?
4. Nani atashika daftari, na tutatazama mahali gani?

Kikundi kitakachofanya lile jaribio la chupa kituletee habari tutakapokutana tena, hata kama matokeo yanapingana na tuliyosema leo. Na sisi mtushike hapo hapo. Tukifika kwenu tukatoa jibu kabla ya kuinama kugeuza jani, tuulizeni kama nyanya alivyotuuliza.